Miwili, Halafu Mitatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo ninaanza shajara hii, na ninaahidi kuandika kila kitu, hata yale ambayo nikiyasoma mwenyewe nitatamani kuyafuta. Mwalimu Athumani, anayetufundisha Kiswahili kidato cha tatu, ametuambia tuandike mpaka masika yaishe. Hatazisoma. Atapitisha macho tu kuona kwamba kurasa zimejaa. "Mkiniandikia mimi mtadanganya," alisema, na darasa zima likacheka.

Pia kila mmoja wetu amepewa neno la kulifuatilia muhula huu: nani analitumia, wapi, kwa maana gani. Zamda, ninayekaa naye dawati moja, amepewa "purukushani" na ameshaanza kuitafuta kwa nguvu. Mimi nimepewa "sanjari". Mwalimu aliandika ubaoni: kwa kufuatana, kama magari au vyombo vinavyokwenda pamoja. Akachora magari matatu, moja nyuma ya jingine. Anatoka Pangani, hata kuchora kwake kuna lafudhi.

Sasa nianze kutimiza ahadi. Kaka yangu Ndesanjo yuko mahabusu tangu Januari. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua kule Usa River, akavunja stoo ya shamba na kuiba pampu ya maji. Mahakamani amekana. Kwa Mama alikiri. Shuleni nimesema amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Mlima Meru haukuonekana kutwa nzima. Redioni: "Sanjari na hilo, waziri amesema..." Nimeandika.

Jumapili, 9 Machi

Wifi Angel, mchumba wa kaka, alikuja kula nasi baada ya ibada. Ninamwita wifi ingawa harusi ni Agosti, au ilikuwa iwe Agosti. Anashona nguo mjini kwenye duka la Fatmabai, na kila akija hutuletea vipande vya vitambaa. Mama alipika loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando. Angel alikula sahani mbili, akasema, "Mama, ukinifundisha hii, Ndesanjo hatatoka nyumbani tena." Halafu sote tukakumbuka kwamba hayupo nyumbani, na hakuna aliyecheka.

Kwenye mazoezi ya kwaya mwalimu wetu alipiga kelele: "Jamani twende sanjari! Miguu yote mara moja! Mnatwanga mahindi?" Nimeliandika, lakini pembeni nimeweka alama ya kosa. Sisi hatufuatani, tunasimama bega kwa bega na kukanyaga kwa wakati mmoja. Nadhani hajui maana.

Alhamisi, 13 Machi

Magari ya watalii yamepita Tengeru moja nyuma ya jingine, yote yana matope mpaka vioo. Hayo ndiyo yanakwenda sanjari.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu wa zamu nilimwambia naumwa tumbo. Tulikwenda mahakamani: Mama, Angel na mimi. Hatuna wakili. Baba angekuwa hai labda angejua pa kusimama. Sisi tulisimama mlangoni mpaka askari alipotuonyesha benchi.

Kaka aliletwa akiwa na shati lile la Krismasi. Amepungua. Alitutazama mara moja tu, akamtazama Angel mara ya pili, kisha akatazama chini.

Hakimu ni mama wa makamo mwenye miwani, anasoma haraka kama mtu anayetaka kuwahi mvua. Alisema kosa la kwanza, kuvunja stoo, miaka miwili. Kosa la pili, kuiba mali ya mwajiri, miaka mitatu. Halafu akasema, "Adhabu zote mbili zitakwenda sanjari." Akafunga jalada, sote tukasimama, na kaka akatolewa kwa mlango wa nyuma.

Tulibaki tumesimama pale penye benchi. Mama huongea Kimeru zaidi, na Kiswahili cha mahakamani kinampita juu ya kichwa. Alinishika mkono, akaniita kama wanavyoniita nyumbani, Nami badala ya Elinami.

"Nami, amesemaje?"

Angel naye alinigeukia. "Sanjari ndiyo nini? Wewe si ndiyo neno lako hilo?"

Sasa niandike lile ambalo ni gumu. Nilifurahi. Kaka yangu alikuwa amefungwa dakika ile ile, Mama bado amenishika mkono, na mimi moyoni nilifurahi kwamba mtu ameniuliza neno na ninalijua. Nilinyoosha mgongo kama ninajibu darasani.

"Ni kwa kufuatana," nilisema. "Inaanza miwili. Ikiisha, inafuata mitatu."

"Mitano," alisema Angel.

"Mitano," nilisema.

Mama alikaa tena kwenye benchi. Angel hakukaa. Alifungua mwavuli wake humo humo ndani, akaufunga, akaufungua tena.

Ijumaa, 21 Machi

Shuleni. Zamda aliniuliza tumbo linaendeleaje, akanipa nusu ya chapati yake. Nikala.

Jumapili, 23 Machi

Angel hakuja.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imenyesha tangu usiku, njia ya kutoka barabarani mpaka kwetu imekuwa mto. Angel alikuja hivyo hivyo, viatu mkononi, na baba yake mdogo. Baba mdogo aliongea barazani, kwa heshima, hakupandisha sauti. Alisema Angel ana miaka ishirini na sita. Alisema wao si watu wa kuvunja neno, lakini miaka mitano ni mingi, na msichana hawezi kuwekwa kama nguo kabatini. Mama aliitikia kila sentensi kwa "ndiyo". Mama angewezaje kubisha?

Mimi nilikuwa jikoni na Angel. Aliosha miguu kwa maji niliyompashia, akakaa anaitazama.

"Ingekuwa miwili," alisema, "au hata mitatu, ningewaambia nyamazeni. Ningeshona, ningesubiri. Lakini mitano, Nami. Wenzangu watakuwa wanapeleka watoto shule."

Nilimchukia. Ninaandika kwa sababu niliahidi. Nilimwona mtu mwepesi, aliyempenda kaka wakati wa jua tu. Alipotaka kunikumbatia nilishika sufuria ili mikono yangu iwe na kazi.

Jumatatu, 31 Machi

Ndama tuliyempeleka kwao wakati wa posa amerudishwa leo. Amekua. Hamjui mama yake, na mama yake hamjui. Analia.

Alhamisi, 3 Aprili

Ndama bado analia.

Jumamosi, 12 Aprili

Likizo fupi. Mama alikwenda gerezani peke yake, amerudi amelowa. Anasema kaka anaendelea vizuri. Nilimuuliza walizungumza nini. Mama alisema, "Nilimwambia ndama karudi." Basi. Anasema pale kwenye wavu wa kuzungumzia na wafungwa hakuna anayetaja miaka, ni kama kutaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Tuliimba vizuri. Hatua mbili kulia, mbili kushoto, hata sisi wa mstari wa mbele hatukukosea. Mama alikaa benchi la nyuma, mahali wanapokaa wanaotaka kuondoka kabla ya baraka.

Jumatano, 30 Aprili

Zamda ananiuliza kaka yako wa Dar anapiga simu? Nikasema anapiga kila Jumapili. Uongo mmoja unazaa mwingine, na wa pili huwa na siku maalumu ya wiki.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya mahubiri Mchungaji alisoma matangazo ya ndoa. La mwisho lilikuwa la Abdiel, fundi seremala, yule aliyetengeneza mlango wetu, na Angel wa Usa River. Tangazo la kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye kwaya, watu wote wananiona, na uso wangu niliuhisi ukichemka. Watu walimgeukia Mama. Mama alikuwa ameshaondoka.

Nilimfikia Mama njiani, na mbele kidogo tulimkuta Abdiel mwenyewe anatusubiri. Alivua kofia. "Shikamoo, mama. Sikutaka msikie kule kwanza. Nilichelewa kuja, naomba mnisamehe." Mama alimjibu marahaba, akamuuliza habari za wazazi wake. Abdiel ni mtu mwema. Nilitaka awe mbaya.

Jumatano, 7 Mei

Leo sijui nitaandikaje, lakini nitaandika.

Tulitoa taarifa za maneno yetu. Zamda alisimama akaeleza purukushani mpaka Mwalimu akafuta machozi kwa kicheko, maana nusu ya mifano ilitoka nyumbani kwao. Kisha nikaitwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza redio, magari ya watalii, msafara wa mazishi uliopita Kwa Mrombo, na mzee wa kanisa aliyesema harambee itakwenda sanjari na ibada. Mahakama sikuitaja. Nilisema pia kwamba wapo wanaolitumia kimakosa, kama mwalimu wetu wa kwaya, kwa watu wanaokwenda kwa wakati mmoja bila kufuatana.

"Kimakosa?" alisema Mwalimu Athumani. "Hapana, Elinami. Mwalimu yule wa kwaya yuko sahihi. Mimi siku ya kwanza niliwapa upande mmoja tu wa neno. Nilitaka upande wa pili mkautafute wenyewe. Nani ana mfano?"

Zamda akanyoosha mkono. "Mahakamani, Mwalimu. Ba'mdogo Twahir ni karani. Anasema mtu akifungwa kwa makosa mawili, hakimu anaweza kusema adhabu ziende sanjari."

"Maana yake?"

"Zinaanza siku moja, Mwalimu. Kama miwili na mitatu, anakaa mitatu tu. Ile miwili inaishia humo humo ndani."

Alisema namba zile kwa kubahatisha. Hajui chochote. Lakini alisema miwili na mitatu.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu. "Bega kwa bega. Kama zingefuatana, hakimu angesema moja ianze nyingine ikiisha." Akanigeukia akitabasamu. "Usihuzunike, Elinami. Kazi yako ni nzuri. Umekosa upande mmoja tu."

Nikapata alama ya juu kuliko wote.

Nilikwenda chooni nikakaa mpaka kengele ikalia. Tangu Machi nimekuwa nikimwona kila siku mtu ambaye angenijibu kwa sentensi moja. Ningemwuliza tu: Mwalimu, hakimu akisema hivi, ana maana gani? Lakini angeuliza, hakimu gani, Elinami? Na mimi ningelazimika kusema nina kaka gerezani. Nilichagua aibu ndogo ikae salama, na Angel akalipia.

Na yeye jikoni alisema "hata mitatu". Alisema kwa mdomo wake. Mimi nikashika sufuria.

Alhamisi, 8 Mei

Sikumwambia Mama. Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikwenda gerezani. Nilimwambia Mama nitakwenda mimi wiki hii, akafurahi, akanipa ndizi za kupeleka. Niliamua njiani kwamba nitamwambia kaka kwanza.

Alitoka akitabasamu. Amenyolewa kipara, masikio yamekuwa makubwa. Kati yetu kulikuwa na wavu na askari anayesafisha kucha kwa kijiti.

"Oya, msomi! Mambo vipi? Mbona umenyong'onyea kama wewe ndiye uliyefungwa?"

Nilimwambia habari za ndama, za kahawa, za matope. Aliuliza shule. Halafu akasema, "Nimesikia Angel anaolewa. Kuna jamaa wa kwetu ameingia juzi, kanipa salamu zote kwa mkupuo."

"Kaka..."

"Simlaumu. Nimeiba, nimeiba. Niliona pampu imekaa miezi haifanyi kazi, nikajiambia hakuna atakayeiuliza. Ujinga wangu." Alichezea wavu kwa kidole. "Lakini mitatu, Nami. Mitatu tu. Nikiwa na adabu naweza kutoka hata kabla. Nilidhani mitatu angeweza. Kumbe hata mitatu nilikuwa sistahili."

Alijua. Bila shaka alijua, walimwambia tarehe yake ya kutoka siku ya kwanza. Amekaa humo muda wote akiamini Angel aliisikia mitatu na akaona ni mingi.

Nilifungua mdomo. Askari akasema, "Muda." Ningeweza kusema kwa sauti, yapo maneno yanayotosha muda wa mtu kuinuka kwenye kiti. Sikusema. Kaka alinipungia mkono, akasema, "Soma, eh? Angalau mmoja wetu ajue vitu."

Jumapili, 11 Mei

Tangazo la pili. Nilikuwa mstari wa mbele. Tuliimba baada yake na nilikosea hatua, nikaenda kushoto wenzangu wote wakienda kulia. Mwalimu wa kwaya alinikazia macho.

Mchungaji alisema mwenye sababu yoyote ya kuzuia aende ofisini. Je, kutojua neno ni sababu?

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Mama.

Alikuwa anachambua maharage. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mama, siku ile mahakamani nilikosea. Sanjari haina maana ile. Kaka ana miaka mitatu, si mitano."

Mama aliinua uso. "Mitatu?"

"Mitatu. Na labda pungufu."

Akatupa ungo. Maharage yalitawanyika mpaka chini ya kabati. Mama aliinuka akapiga vigelegele peke yake pale jikoni, akanishika mabega akanizungusha, akasema kwa Kimeru mambo ya kumshukuru Mungu ambayo sijamsikia akiyasema tangu Baba afariki. Sikujua kwamba alikuwa amejiambia hatamwona mwanawe akiwa huru. Hakuwahi kusema. Alikuwa ameibeba ile mitano yangu kichwani kama kuni, kimya, na mimi nalala chumba cha pili.

Kisha akaacha. Niliona jambo la pili linamfikia.

"Na Angel?"

Niliyatazama maharage sakafuni.

"Aliondoka kwa mitano," alisema Mama. "Mimi nilimpa baba yake mdogo 'ndiyo' kwa mitano."

"Ndiyo, Mama."

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano. Na Jumapili ulikuwa umesimama pale unaimba."

Hakunipiga wala kupandisha sauti. Alipiga magoti akaanza kuokota maharage, na nilipoinama kumsaidia alisema, "Acha. Haya nitaokota mimi. Wewe nenda ukaokote yako."

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya masomo nilishuka mjini mpaka duka la Fatmabai. Nilikuwa nimelowa. Fatmabai, ambaye hukaa nyuma ya kaunta na kikombe chake cha chai tangu asubuhi mpaka wanapofunga, alinitazama kutoka juu mpaka kwenye soksi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. We Angel! Njoo uone, mtu kakuletea mto wa Tengeru wote dukani kwangu. Simama hapo mwanangu, usiguse satini. Hiyo ya bibi harusi."

Satini ilikuwa kwenye cherehani ya Angel. Ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Angel aliposikia ni mimi alitabasamu, tena tabasamu la kweli, na hilo liliniumiza kuliko kama angenuna. "Nami! Umerefuka."

Nilimwambia palepale, nimesimama kwenye kidimbwi changu. Sikusema kwamba mwalimu alitupa upande mmoja, wala kwamba sisi wote hatukujua. Nilisema, "Nilikosea. Ni mitatu. Nilijifanya najua, na sikumwuliza mtu kwa sababu niliona aibu watu wajue kaka amefungwa."

Mguu wake uliacha kukanyaga. Cherehani ikazunguka kidogo yenyewe, ikasimama.

"Mitatu."

"Ndiyo."

"Siku ile," alisema polepole, "mimi sikumtazama hakimu. Nilikutazama wewe."

Fatmabai aliweka kikombe chini, akaenda nyuma kutafuta kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

"Yeye anajua ni mitatu?" aliuliza Angel.

"Anajua. Anadhani na wewe ulijua."

Hapo ndipo alipofunika uso, kwa satini ile ile, na mimi niliogopa itapata madoa. Alikaa hivyo. Kisha akasema ndani ya kitambaa, "Abdiel hajakosa kitu, Nami. Unaelewa? Hajakosa kitu hata kimoja. Jana ameniletea kitanda alichokichonga mwenyewe."

"Naelewa."

"Huelewi. Nenda nyumbani."

Fatmabai alinifuata mpaka mlangoni, akanifunika mfuko wa plastiki kichwani na kunifunga chini ya kidevu kama mtoto.

Jumamosi, 17 Mei

Leo hakuna mvua. Meru umeonekana wote, mpaka kileleni, na nimeshindwa kuutazama kwa raha.

Kesho ni tangazo la tatu. Mama ameniuliza asubuhi kama nitakwenda ofisini kwa Mchungaji. Nilimwambia hapana, si langu kuzuia. Nimeshaamua maisha ya Angel mara moja, sitayaamua mara ya pili. Mama alifikiri, akasema, "Na kaka yako?" Nikasema kesho baada ya ibada nitakwenda, na safari hii nitasema kabla hata sijamsalimia, askari asikie, wavu usikie. Nimemwambia pia Zamda. Akasema, "Kumbe ndiyo maana yule kaka wa Dar hakuwahi kukutumia hata vocha." Tukacheka, nikalia.

Lakini kuna jambo moja ambalo kaka ataniuliza, na mimi jibu sina. Ninaweza kulikisia. Nilikaribia kulikisia leo, nikaanza hata kupanga maneno.

Nimeazima simu ya Mama nikamwandikia Angel. Nilianza na "Wifi", nikafuta. Nimenakili hapa nilivyoandika:

Dada Angel, shikamoo. Harusi yako sitaipinga popote, amani iwe kwako na kwa Abdiel. Kesho mchana naenda kwa kaka kumwambia kosa ni langu. Anaamini hakustahili kusubiriwa hata mitatu. Jikoni ulisema "hata mitatu", lakini ulilisema ukiwa unaondoka, na sitaki kumpelekea kitu ninachodhani tena. Naomba unijibu leo, hata kwa neno moja, na likiwa chungu nitalipeleka vilevile. Ungeambiwa mitatu siku ile, ungemsubiri?